Pishi ya Mfuto

Mwaka ule mvua ilipokatika na mtama ukakauka mashambani, tajiri mmoja wa Amu alituletea kijijini kwetu Mbwajumali mchele wa sadaka, na mpimaji wake. Mpimaji alikaa mkao mmoja tangu asubuhi, pishi ya kupimia magotini, pakacha katikati ya miguu, viganja vyeupe kwa vumbi la mchele. Kila pishi aliianza kwa "Bismillahi", kwa sauti ya mtu anayezungumza na pishi yenyewe. Aliijaza mpaka ikafanya kilele, kisha akapitisha kiganja juu, na kilele kikaangukia pakachani. Tajiri alikuwa amesema tupimiwe tele. Yeye alipima mfuto, na sisi tulijua pakacha lile linakwenda kwa nani.

"Bwana, sadaka ni tele," Bi Radhiya alimwambia zamu yake ilipofika. "Mfuto ni wa dukani."

"Ndia ni ndefu, Bi," alijibu bila kuinua macho, akamfutia.

Bi Radhiya alituambia sote kwamba leo ameona mwizi anayeanza kwa Bismillahi.

Alasiri gunia la mwisho lilikung'utwa, na watu saba walikuwa ndio kwanza wanafika, wamevuka bahari kutoka Mkokoni. Mpimaji alivuta pakacha lake, akaanza kuwapimia. Wa saba alikuwa dadake Bi Radhiya. Bi Radhiya mwenyewe alimshikia mfuko. Pishi ilipofanya kilele, mpimaji aliitazama ndia, ile njia ya kutokea pwani. Haikuwa na mtu. Kiganja kikapita juu hata hivyo, kama kilivyopita kwa wote.