Wageni wa Jumamosi

Jumamosi ya sita tangu mazishi, Fundi Saa alipanga tena viti sita kwenye baraza ya nyumba yake ya shamba. Vitano vilikuwa vya mbao, na cha sita cha plastiki, mguu wake mmoja umelegea kama jino la mtoto. Alivivuta vyote upande wa kivuli, akaacha nafasi kati ya kimoja na kingine, akaweka mezani jagi la maji na glasi sita zilizofunikwa kwa kitambaa cheupe. Kisha akarudi nyuma hatua tatu kutazama kama vimebanana. Havikubanana. Wa kuvikalia ndio hakuwajua.

Rafiki yake, Dereva, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa baraza akimenya chungwa. Lori la mwisho aliloliendesha lilishageuka vyuma chakavu, lakini jina lilikuwa limemganda.

"Fundi, leo wanakuja wangapi?"

"Sijui."

"Wanatoka wapi?"

"Sijui."

"Hoteli yako ina raha. Haijapata lalamiko hata moja."

Fundi Saa hakucheka wala hakukasirika. Alichukua kitambaa akapangusa kiti ambacho alikwisha kukipangusa.

Siku za kazi alikuwa mtu wa mjini. Alikuwa na duka la upana wa dirisha moja, na humo alishinda lenzi imebanwa jichoni na kibano mkononi, akibembeleza vigurudumu vidogo kuliko punje ya mtama. Watu walipomwambia kwamba saa za mkononi zimepitwa na wakati, kila mtu ana simu, aliwajibu kwamba simu nayo lazima iulize kwa mwenzake. Ijumaa jioni alifunga dirisha akamkuta mkewe kituoni na kikapu chake cha mbegu, wakapanda gari kwenda shamba. Miaka ishirini na miwili walifanya hivyo.

Huko shamba kila mmoja alikuwa na himaya yake. Baraza ilikuwa ya mume na bustani ya mke. Mama alilima, akapanda, akapalilia, na mdomo haukupumzika. Fundi Saa alikaa barazani na saa mbovu mbili tatu alizokuja nazo kutoka mjini. Akiitwa kushika mpira wa maji, alishika palepale alipoelekezwa, na akiambiwa "basi" aliacha. Mara nyingi alimsikia mkewe huko nyuma ya jiko akisema, "Karibuni, karibuni, msione haya." Naye, jicho moja likiwa ndani ya saa ya mtu, alidhani majirani wamepita.

Halafu mama akaugua. Haukuwa ugonjwa wa kukokota miguu. Jumatatu alilalamika kifua, Jumatano akalazwa. Alhamisi, saa ya kutazama wagonjwa ilipokaribia kwisha, alimshika mumewe kiganja akamwambia, "Jumamosi kuna wageni. Usiwaache juani. Wape maji, na usiwabananishe."

Fundi Saa alitaka kuuliza wageni gani, lakini muuguzi alishafungua mlango akisema muda umekwisha. Akajibu tu, "Nimesikia, mama. Mungu akiwa shahidi, nitawapokea."

Alfajiri ya Ijumaa Mungu alimchukua mja wake. Mazishi yakawa Jumamosi.

Basi tazama fumbo alilobaki nalo mzee wa watu. Siku ile ya Jumamosi wageni walikuja kweli, wakaja wengi kuliko ardhi ya kusimama. Turubai lililokodiwa lilitosha nusu yao. Wengine walipigwa na jua mpaka dua ya mwisho, wamebanana bega kwa bega, na pipa la maji likakauka kabla ya adhuhuri. Fundi Saa aliyaona yote hayo kwa macho yake na hakuinua hata mkono, maana siku ile hata kufunga vifungo vya shati alifungiwa. Usiku wa kwanza baada ya hapo ndipo maneno ya mkewe yalipomrudia, moja baada ya jingine. Juani. Maji. Kubanana. Aliambiwa mambo matatu na yote matatu aliyavunja.

Alimweleza binti yake, ambaye ni mwalimu wa lugha katika shule ya sekondari. Mwalimu alimsikiliza kwa upole, lakini ualimu haukumtoka.

"Baba, mama hakuwa anatabiri. Labda alikuwa na watu aliowaalika, wakasikia msiba, wakaja kwenye mazishi. Yamekwisha."

"Una hakika ni watu?"

"Sasa wawe nini? Amesema usiwaache, wape, usiwabananishe. Hizo ni ngeli za watu, baba."

Jibu la ngeli lilimwongezea mzigo. Kama wageni walikuwa wale wa mazishi, ahadi imevunjika na aliyeahidiwa hayupo wa kuombwa radhi. Kama hawakuwa wale, basi wako mahali fulani na bado wanakuja. Kati ya hayo mawili, alishika la pili, kwa sababu ndilo lililomwachia cha kufanya. Jumamosi iliyofuata akapanga viti.

Alipiga simu namba zote zilizokuwa kwenye simu ya marehemu. Wenzake wa ibada walisema hawakuwa na mpango wa kwenda shamba. Fundi cherehani aliyemshonea magauni alisema yeye hajaalikwa, ila akialikwa atakuja. Jumamosi ya tatu alipita mchuuzi wa mabeseni. Kabla hajafungua mdomo, alikwisha kukalishwa kivulini na glasi ya maji mkononi, akaulizwa kwa heshima alimfahamu vipi mama. Maskini yule mtu alikaa saa nzima, akaondoka bila kuuza hata kata, na alipofika njiani akageuka mara mbili kutazama nyumba.

Kila Jumamosi jioni, glasi sita zenye vumbi la barabarani na maji yaliyobaki kwenye jagi vilirudi jikoni. Aliyezisuuza ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye tangu msiba alikuja kila wiki kusaidia usafi. Mwalimu alikuwa amemnong'oneza, "Mama mdogo, baba anasubiri wageni. Usimuulize mengi." Naye hakuuliza. Alisuuza glasi kwa maji matupu, akatoka mlango wa nyuma, akayamwaga juu ya bati kuukuu lililolazwa kwenye matofali pembeni ya ukuta. Alifanya vivyo hivyo kwa jagi.

Jumamosi hii ya sita, Mwalimu alikuja na neno alilolibeba njia nzima. Alisubiri baba yake amalize kusali peke yake mbele ya meza yenye jagi, kisha akasema, "Baba, wiki ijayo utapumzika kwangu. Na ile nyingine pia. Nyumba tutaifunga kwa muda."

"Nani atawapokea?"

"Hakuna anayekuja, baba."

"Wakija wakakuta kufuli?"

Mwalimu aligeuza uso. Dereva alitazama maganda ya chungwa kama vile yameandikwa kitu.

Fundi Saa alihisi kichwa chake kimekuwa saa iliyofunguliwa na kufungwa vibaya: vyuma vyote vimo ndani, lakini haitembei. Alitaka kukaa. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, na kile kiti, kwa mguu wake ule, kikamwinamisha upande. Dereva alimdaka kwapani.

"Hiki kinahitaji kipande cha tofali chini yake," Fundi Saa alisema, akainuka. Alifurahi kupata jambo lenye ufumbuzi. "Nyuma ya jiko kuna matofali."

Alizunguka nyumba. Katika wiki sita hakuwa amekanyaga upande ule, kwa sababu kule ndiko bustani ilikoanzia, na matuta makavu yalimwuma macho. Aliona bati, akaona matofali yaliyolishikilia. Akainua bati ili achomoe tofali moja.

Chini yake kulikuwa na makopo. Makopo ya maziwa ya unga na ya mafuta ya kupikia, kumi na moja kwa jumla, yametobolewa vitako na kujazwa udongo. Katika mengi kulikuwa na kijiti kikavu kilichoinama. Lakini katika manne, pale ambapo bati lilikuwa na matundu ya misumari, kulisimama miche ya bilinganya, mirefu, myembamba, majani yake yamepauka kama mtu aliyetoka wodini.

Hakuelewa anatazama nini. Alisimama na bati mkononi mpaka shemeji yake akatokea mlango wa nyuma na beseni la vyombo.

"He, shemeji," alisema yule mama, akaweka beseni chini. "Kumbe wageni wa dada walikuwa hapa?"

Bati lilimponyoka Fundi Saa likaanguka kwa kishindo.

"Umesemaje?"

"Hii miche. Si alikuwa anaiita wageni? Tulikua hivyo nyumbani, mama yetu ndiye aliyeanza. Mche ukitoka kitaluni kwenda kwenye tuta ni mgeni, haujui mtu. Unaupa kivuli na maji mpaka ushike. Ukishika unaitwa mwenyeji, na hapo unajitegemea." Alimtazama shemeji yake usoni. "Wewe umeishi naye miaka yote hiyo hukujua?"

"Niliambiwa kuna wageni Jumamosi," alisema Fundi Saa polepole. "Nisiwaache juani. Niwape maji. Nisiwabananishe."

Yule mama alikuwa hajawahi kuyasikia maneno yote pamoja. Aliyasikia sasa, akaanza kucheka, na kicheko kikamkatikia katikati, akajishika ukuta kwa mkono wenye povu. "Ee Mungu wangu. Dada. Anakata roho anafikiria bilinganya."

Mwalimu na Dereva walikuja mbio kwa ile sauti ya bati. Walielezwa mara mbili, maana mara ya kwanza wote wanne walikuwa wanasema kwa pamoja.

"Lakini ngeli," alisema Mwalimu, karibu na kulia. "Angesema usiiache. Miche, usiiache."

"Mama yako alikuwa anaisalimia asubuhi," alisema shemeji. "Utamwambia mtu wa namna hiyo habari za ngeli?"

Fundi Saa alikuwa amechuchumaa. Alibonyeza udongo wa kopo moja kwa kidole, akaukuta una unyevu. "Hii nani aliimwagia?"

Shemeji aliangalia bati, akaangalia matundu yake, akaangalia mlango wa jiko. "Mimi ninamwaga hapo yale maji ya glasi zako," alisema. "Zile za wageni."

Fundi Saa alimtazama, akatazama makopo, na kwa mara nyingine hakujua ashike lipi. Saba walikuwa wamekufa kwa kiu umbali wa hatua thelathini kutoka kwenye jagi aliloliweka kwa ajili yao. Wanne walikuwa wameyanywa maji yaleyale, na yeye alikuwa barazani akiwatazamia. Ahadi ameitimiza au ameivunja? Alitamani kumuuliza mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa na mzaha wa kuyaita mabilinganya wageni.

"Tuipande sasa?" aliuliza.

"Na jua hili? Umekatazwa," shemeji alisema. "Tusubiri jioni."

Walisubiri. Jua lilipolegea, Dereva alichimbua tuta na Mwalimu akavua viatu vyake vya mjini. Fundi Saa alipewa kazi ya kutoa miche kwenye makopo, na hapo vidole vyake vilikuwa kwao: aliikata mizizi iliyoshika kopo kwa kibano na wembe, bila kuumiza hata mmoja, akihema kidogokidogo kama anavyofanya juu ya saa ya mteja. Alipima nafasi kati ya shimo na shimo, akapima tena.

"Zimetosha, baba," Mwalimu alisema. "Miche haijabanana."

"Hawajabanana," alimsahihisha Fundi Saa.

Mwalimu alipokea mche, akaushusha shimoni. Habari ya kufunga nyumba hakuirudia, na Jumatatu ilipofika dirisha la duka halikufunguliwa. Lakini hilo lilikuwa baadaye. Jioni ile shemeji alisema kesho jua litakuwa kali, panahitajika makuti au matawi ya kuifunika miche. Hakukuwa na makuti. Fundi Saa alikwenda barazani akarudi na kiti cha mbao, akakisimamisha juu ya mche wa kwanza, miguu miwili huku na miwili kule. Akarudi kuchukua kingine.

Jumapili, baada ya ibada, Dereva alikuja kama kawaida yake kuomba chai. Barazani hapakuwa na mtu. Alizunguka nyuma akamkuta rafiki yake amepiga magoti, ananyunyiza maji kwa glasi, kidogokidogo, na katikati ya bustani viti vinne vya mbao vimepangwa kama vya kikao. Dereva alikuwa na umri wake, na jua lilikuwa limeanza kuchoma. Alikiendea kiti cha karibu.

"Hicho kina mtu," alisema Fundi Saa bila kugeuka.

Dereva alisimama.