Boma letu lililozama limo ndani ya gemu, na mwenye gemu anasema si letu

Nyinyi vijana mnaobonyeza "Agree" kama mtu anayefukuza nzi, kaeni chini kwanza. Na wakuu wengine wote, hamjambo.

Mimi ni nyanya, niko Kisumu, nauza mitumba soko la Kibuye. Shule niliachia darasa la nne. Naandika mwenyewe kwa simu, polepole, kwa hivyo makosa mvumilie. Chumvi iko kwa sufuria, hapa sitaongeza.

Mjukuu wangu Akinyi anasoma university huko Bondo. Likizo anakuja kwangu, anafungua laptop, anacheza gemu ya kulima.

Ndiyo, kulima. Jembe liko nyuma ya mlango, halijaguswa.

Siku moja akaniita, "Dani, kuja uone." Dani ni nyanya kwa Kijaluo.

Nikaona boma letu.

Wakuu, hilo boma halipo. Lilikuwa upande wa ziwa, ukishapita Katito. Ziwa lilipopanda lilimeza nyumba, ghala na kaburi la mume wangu. Tulitoka na magodoro kichwani. Sasa nikaliona kwa laptop, kavu kabisa, kuku wanatembea.

Sikulia. Nilimwambia mlango wa jiko ameuweka upande mbaya.

Kuanzia hapo nikawa fundi mkuu. Nikitoka soko nakaa naye: sogeza ghala, geti liangaliane na nyumba kubwa, nyumba ya mjomba wako ilikuwa kushoto. Hata kaburi akaliweka, na msalaba wake uliopinda. Kazi hiyo ndiyo mnaita mod, kuchukua gemu ya mtu na kuingiza vitu vyako ndani. Ilimmalizia likizo tatu.

Akaiweka kwa website moja ya wachezaji, watu wachukue bure. Watoto wa majirani zetu waliotawanyika wakaiona. Mmoja aliandika, "Hapa ndipo nilikuwa nachota maji."

Halafu email ikaja. Kwangu!

Kwa sababu Akinyi alisahau password yake zamani, akafungua account na email yangu. Kumbe kwa karatasi mchezaji ni mimi, mama mzima wa mitumba.

Email ilitoka kwa wenye gemu, ikasema mod imevunja mkataba. Itolewe kwa hiyo website ndani ya siku saba, la sivyo account inafungwa. Na gemu hiyo, account ikifungwa, huingii tena. Yaani boma lizame mara ya pili.

Omondi, kijana wangu, mjomba wa Akinyi, akawaka.

"Mama, hiyo gemu nilinunua mimi. Kitu nimenunua ni changu!"

"Mkataba ulisoma?"

"Hakuna mtu husoma hiyo kitu, Mama."

"Basi nyamaza, Bwana Wakili."

Nikamwambia Akinyi asome kwa sauti, Kizungu kwanza, kisha anielezee. Tulianza tukitoka kula mchana, tukamaliza chai ya jioni imepoa. Sijui waandishi wa hiyo kitu walikuwa wanafukuzwa na nani, maana sentensi moja inaweza kukumalizia pumzi.

Nilichoelewa ni hiki. Gemu hukununua. Ulipewa ruhusa ya kuicheza, na ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Mkataba wa kwanza haukusema lolote juu ya mod. Lakini kulikuja update, mkataba mpya ukatokea, Akinyi akabonyeza Agree mkono mmoja umeshika mandazi. Huo mpya unasema tengeneza mod ukitaka, uchezee mwenyewe. Ukitaka kugawia watu, ipitishie kwao, mahali pao. Na ukishapitisha, wanaweza kuitumia, kuibadilisha ama kuitoa bila kukuuliza.

Akinyi anasema gemu zingine zinakubali tu, zingine zinakataza kabisa. Kwa hivyo msinijie hapa na "nyanya, mod inaruhusiwa?" Soma ya kwako.

Omondi alisema huo ni wizi. Mimi hata sikushangaa. Kwetu, mtu aliyekaribishwa kwa ardhi ya ukoo mwingine anaitwa jadak. Analima, anajenga, anakula, hakuna shida. Lakini akizika mtu wake hapo ameanzisha kesi, kwa sababu kaburi ndilo husema ardhi ni ya nani.

Kilichoniudhi ni sisi wenyewe. Watu wanaojua mpaka wa shamba kwa jiwe moja na mti mmoja, tunaingia kwa shamba la mtu ndani ya laptop bila kuuliza mwenyewe ni nani.

Akinyi alitoa mod kwa ile website siku hiyo hiyo. Wenye gemu wakajibu account iko salama. Akabaki na swali lake: apitishie kwao, ndio watu wa kwetu walione boma tena, ama lifungwe humu kwetu peke yetu? Alitaka walione, hata kama wenye gemu watalishika. Lakini account ni yangu, kwa hivyo alinitazama mimi.

Nilifikiria nikikunja nguo za kesho. Nilizikunja mara mbili.

Vijana, kitu unachokipenda usikijengee kwa mtu kabla hujajua masharti yake. Kama yamewapata, semeni hapa, na mkataba wenu ulisema nini. Na asiniandikie mtu "uzi mrefu". Mimi nimesomewa mkataba mzima.

Nyumbani nilitoa amri wote wakisikia. Kwanza, hakuna kidole kitabonyeza Agree hapa kwangu kabla sijasomewa mpaka neno la mwisho. Omondi, hata wewe na ndevu zako.

Pili: "Akinyi, pitisha boma, watu waone. Nyumba iende, ghala liende, kuku waende. Kaburi la babu yako toa kwanza."