Niliyejificha wa kwanza

Leo nimejificha chini ya meza kabla ya watoto.

Mimi ni karani tu, katika shule moja hapa Majengo. Mwalimu anaumwa, nikatumwa nitafsiri Kifaransa wakati watoto wetu wakiongea kwa video na wenzao wa Ubelgiji. Tulianzisha maongezi hayo ili watoto wetu wajifunze kucheka tena.

Na walikuwa wanacheka.

Kisha: puuu!

Nilipofungua macho nikiwa chini ya meza, darasa zima lilikuwa sakafuni. Mikono kichwani, vinywa wazi ili mlipuko usipasue masikio, kama tulivyozoea wakati wa mabomu.

Wale wa Ubelgiji wakadhani ni mchezo. Wakaingia chini ya meza zao, wakicheka.

Furaha, msichana wa miaka minane aliyekimbia vita kule Kibumba pamoja na mama yake, akakasirika. "Si vile! Fungueni kinywa. Na musicheke!"

Nikatafsiri nikiwa palepale chini.

Mmoja wa kule akauliza mchezo unaisha lini.

"Mutu mukubwa ndiye anasemaka," Furaha akajibu. Akanigeukia. "Papa Sekretere, imeisha?"

Mlinzi alikuwa ameshapaza sauti dirishani kwamba ni tairi la lori limepasuka. Nilimsikia vizuri kabisa. Miguu ndiyo iliyokataa.

"Imeisha," nikasema.

Hakuna aliyeinuka. Wa huku wala wa kule.

"Basi simama wewe kwanza," akasema Furaha.

Wazazi mnaosoma hapa, niambieni kweli: ninyi huwa mnasimamaje wa kwanza?