Jina nililotaka kulitamka jikoni

Leo karani wa kambi ya mgodi ameniuliza, mbele ya foleni nzima, kama nimezaa mtoto mwingine.

Mwanangu Tulo nimemzika wiki iliyopita.

Jamani, kwetu Wabwelo mtu akifa jina lake huongezwa "me". Tulo anakuwa Tulome. Mama ndiye hulitamka kwanza, nyumbani kwake, siku atakapoweza. Kabla ya hapo hakuna anayemtaja marehemu.

Mimi nilikuwa bado sijaweza.

Baba yake yuko zamu mgodini, basi nimetoka nyumbani Didia mwenyewe kwenda kumfutisha mtoto kwenye kitabu cha posho.

"Jina la marehemu?"

Nikainamisha macho kwenye kitabu chake.

"Mama, taja jina, wenzako wanangoja."

Likanitoka. "Tulome."

Akapekua kitabu. "Hapa yupo Tulo tu. Huyo Tulome umemzaa lini? Au unatafuta posho ya mapacha?"

Watu wakacheka!

Nikamwambia, "Kaka, ni huyohuyo. Hilo ndilo jina lake akiwa kaburini."

Kicheko kikakatika. Karani hata pole hakunipa. Alichovya kalamu, akamkata Tulo kwa mstari mmoja.

Nina hasira. Jina lile nilitaka kulisema jikoni, pale nilipokuwa nikimwita naye anaitika mdomo umejaa michembe ya viazi.

Lakini limeshatoka.

Majirani, mkinikuta njiani msikwepe tena macho yangu kwa kukosa la kuniita. Niiteni Mama Tulome. Anayeweza na aanze leo, nisikie jina hilo likisemwa na mtu anayempenda mwanangu.