Panya Aliyechongwa Kaloleni

Siku hizi kila mwenye tai na kipaza sauti anatuhubiria ubunifu. Ati Wakenya tubuni, tuache kungoja vya wenzetu. Mimi nikisikia hayo redioni huizima, na kama kuna mtu sebuleni alikuwa anasikiliza, pole yake. Kubuni tulibuni. Nilikuwepo. Nitawaambia tulichofanyiwa baada ya kubuni, na mkitaka kukasirika kasirikeni, mimi nimekasirika tangu miaka ya sabini.

Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha blanketi, Eneo la Viwanda. Nilikaa Kaloleni na baba yangu, mchongaji kutoka Ukambani aliyekuwa akiwauzia wenye maduka ya watalii simba, twiga na vifaru. Asubuhi nikipita Makongeni kuvuka reli kwenda kazini, nilimwacha kizingitini na tezo yake, vibanzi vimemjaa miguuni. Jioni nilimkuta pale pale. Majirani walilalamika juu ya vibanzi, lakini wakati wa kuwasha jiko walikuja kuviomba, kwa hiyo maneno yao hatukuyatia maanani.

Mitambo ya kiwanda chetu ilitoka Ulaya, hadi skrubu ya mwisho. Ndani ya kila mtambo mlikuwa na kipande cha mbao, kirefu kama mkono kuanzia kiwiko, chenye tumbo la kubebea uzi na ncha mbili za chuma. Kilipigwa kutoka upande huu, kikapita katikati ya nyuzi mbio, kikapigwa kurudi. Huko ndiko kufuma. Sisi tulikiita panya, kwa zile mbio zake. Panya akivunjika, mtambo husimama. Na panya wote waliagizwa kwa meli.

Basi mwaka mmoja serikali ikabana fedha za kigeni. Ukitaka kuagiza kitu nje, uombe leseni, na leseni ilikaa mezani kwa wakubwa mpaka chai ipoe mara kumi. Rafu ya panya stooni kwangu ikabaki tupu. Mitambo ikasimama mmoja mmoja. Kina mama waliotembea kutoka Mukuru alfajiri walifika langoni wakaambiwa rudini, njooni Jumatatu. Jumatatu wakaambiwa Alhamisi. Niliwaona wakigeuka na makopo yao ya chakula hata hayajafunguliwa, na iliniuma, nasema kweli.

Nikamwendea fundi mkuu wa mitambo, mtu wa Kiambu, mwepesi wa kucheka. Nikamwambia baba yangu anaweza kuchonga panya.

"Wacha mchezo, mama. Mzee anachonga twiga. Hii ni mashine."

"Na wewe una nini? Una mashine iliyolala. Nipe panya mmoja mfu nimpelekee."

Akanipa, nikamfunga ndani ya leso. Baba alimgeuzageuza, akamnusa, akagonga tumbo lake kwa ukucha. Kisha akauliza kama watu wa Ulaya hawana miti migumu, maana huyu ni laini. Nikajua tayari ameshikwa.

Panya wa kwanza alimchonga kwa mpingo. Uuu! Mweusi, anang'aa, ungemweka kabatini. Fundi alimtia mtamboni, akapigwa mara tatu, akaruka nje kwa ule uzito wake akatoboa dirisha. Mfumaji aliyesimama karibu alitutukana kwa lugha tatu, na haki yake. Wa pili alikuwa wa muhugu, mti wanaoupenda wachongaji kwa kuwa unakubali kisu. Ulikubali na kupasuka pia, pale pale kwenye ncha ya chuma, kabla ya saa ya chai. Nilidhani fundi atachoka. Wapi! Ndiye aliyekumbuka nguzo kuukuu za ua wa shamba la baba yake, za mutamaiyu, mti ambao kwao hata mchwa wanauamkia na kupita. Alizileta zimefungwa juu ya gari la mboga.

Mutamaiyu ulikubali. Baba akatengeneza panya sita kwa wiki moja. Na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo mchongaji tu angelikosea: kila mmoja alikuwa tofauti na mwenzake. Huyu tumbo pana kidogo, yule ncha imeinama kidogo. Mtambo uliotengenezewa mmoja ulimtema wa pili. Nilipomwambia, baba alinuna.

"Mimi sichongi mapacha," alisema. "Mapacha ni kazi ya watu wasio na macho."

"Baba, mtambo hauna macho. Unataka mapacha."

Siku mbili hakunisemesha ila kwa salamu. Siku ya tatu nilirudi nikamkuta amekata mkebe wa biskuti, ametoa kipimo cha bati, anampitisha kila panya humo kama anayempima mtoto kiatu. Nami nikaiba saa moja ya chakula kila siku kuwapima uzito kwenye mizani ya stoo na kumwambia nani apunguzwe wapi. Kisha akawa anawachemsha katika mafuta na nta ya nyuki iliyotoka nyumbani. Kwa moto wa namna gani, kwa muda gani, hilo hakumwambia mtu, hata mimi. Aliniambia tu, "Ngoja, mwaitu." Ndivyo alivyoniita, mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu jina langu ni la mama yake.

Panya wale hawakuvunjika. Wa Ulaya walikuwa wakiishi miezi, wa baba wakapita mwaka wanakimbia tu. Kina mama wa Mukuru wakarudi kwenye mitambo. Meneja naye alijua, maana alipita akiwaona, akanunua zaidi, akanyamaza. Mwenye shida hachagui.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Wetu alikuja tukaugua. Alikuwa mtaalamu wa kampuni iliyotuuzia mitambo, alikuja kukagua. Meneja aliniita mapema akaniagiza nikiulizwa niseme panya hao ni wa zamani, walitoka kwao. Mtaalamu akapita, akasimamisha mtambo, akamtoa panya, akampima kwa chombo chake cha chuma, akanusa vidole. Akauliza nani ameleta hiki.

"Baba yangu," nikasema. "Amekichonga Kaloleni."

Meneja alinitazama kwa jicho ambalo ningeweza kuwashia sigara. Mtaalamu hakukasirika. Afadhali angekasirika! Alifurahi. Akatia panya wawili ndani ya mkoba wake.

Wiki iliyofuata meneja akanionyesha karatasi. Kumbe kwenye mkataba wa mitambo mlikuwa na kifungu: chochote kitakachobuniwa juu ya mitambo ile ni mali ya aliyeiuza. Tatizo lao ni kwamba baba hakuwa mwajiriwa wa mtu, mkataba haukumfunga. Kwa hiyo wakaandika kwamba mzee huyu alichonga kwa maelekezo ya kampuni, hadai chochote, na ataeleza jinsi anavyoukausha mti na kuuchemsha. Chini palikuwa na nafasi ya dole gumba. Walikwishajua hajui kuandika.

"Siku tatu," meneja akasema. "Asipotia dole, huyo mgeni atatunyima vipuri vyote, si panya tu. Na mimi nitatafuta karani mwingine."

Sikuwa na kazi nyingine ya kukimbilia, na mshahara wangu ndio uliotulisha, kwa kuwa vifaru vya baba vilikuwa vinalipwa siku mwenye duka akijisikia. Niliomba ruhusa ya kliniki, nikaenda mjini kwenye ofisi ya serikali iliyosemekana inaandikisha haki za wavumbuzi. Nilimwekea afisa panya mezani. Alikuwa kijana msafi, mwenye adabu, aliniagizia hata chai.

"Kazi nzuri sana, mama," akasema. "Lakini hapa hatuandikishi moja kwa moja. Sheria inataka kwanza mpate hati Uingereza. Mkishapata, mnaileta hapa, tunaiingiza kwenye daftari letu."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Uingereza ya wapi?"

"London, mama."

"Mti umeota Kiambu. Nta ya Ukambani. Mkono wa Kaloleni. Blanketi unalojifunika wewe limefumwa na huyu hapa. London inaingilia wapi?"

"Ndivyo sheria ilivyo. Tuliikuta."

"Mliikuta! Na bendera mliikuta? Si mliishusha?"

Alicheka, maskini, akatazama mlangoni kama kuna aliyesikia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na daftari lisilo na mlango wetu. Nikamchukua panya wangu, chai nikaiacha.

Nyumbani nilimweleza baba yote, bila kupunguza. Alisikiliza huku anapiga msasa mgongo wa twiga. Mwisho akasema kama ni kazi yangu, yeye atatia hilo dole, dole lenyewe halina gharama. Nililia usiku ule, si kwa huzuni. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma.

Siku ya tatu tukaenda pamoja. Alivaa koti lake la kanisani. Ofisini walikuwa meneja na mtaalamu, na kidau cha wino kimefunguliwa tayari. Baba akakataa kiti, akaniambia nimsomee karatasi kwa Kikamba, neno kwa neno.

Nikasoma. Nilipofika pale pa "kwa maelekezo ya kampuni", akainua mkono.

"Waulize, yule wa mpingo, aliyetoboa dirisha, nilimchonga kwa maelekezo ya nani?"

Nikatafsiri. Meneja akasema hayo hayahusu.

"Na wa muhugu? Na wale sita waliokataa kufanana?"

Mtaalamu alimuuliza meneja kwa Kiingereza mzee anataka nini, kama anataka zawadi.

"Mwambie," baba akasema, na sasa alisema Kiswahili ili wote wasikie, "simba nimewauzia watu miaka mingi, hakuna aliyeuliza nani amechonga, na sikujali. Lakini huyu nimemkosea mara tatu. Makosa hayo hamyataki kwenye karatasi yenu, mnaniachia mimi. Haya. Kama makosa ni yangu, basi na panya aliyekubali ni wangu."

Meneja alinigeukia mimi, akasema polepole, "Mkumbushe baba yako unafanya kazi wapi."

Baba akanitazama. Nilimwona mzee wangu anazeeka pale pale mbele yangu. Akashusha mkono kuelekea kidau cha wino. Angetia. Kwa ajili yangu, angetia.

Nikakifunika kidau. Kifuniko kikaenda upande, wino ukanimwagikia vidoleni na kwenye ile karatasi yao nzuri. Sikuomba radhi.

"Baba, twende," nikasema. "Bwana meneja, funguo za stoo hizi hapa. Rafu ya tatu kuna mafuta yanavuja, mwambie huyo karani wako mpya."

Tulipita katikati ya mitambo inayonguruma. Fundi alituona, akavua kofia. Nyuma yetu meneja alikuwa ameshapiga simu langoni, kwa sababu tulipofika askari alikuwa anatungoja nje ya kibanda.

"Nimeambiwa niwapekue, mama. Ati mzee asitoke na kitu cha kampuni."

Alimwaga mkoba wangu mezani: leso, kitana, Biblia ndogo. Akapapasa koti la baba, mfuko kwa mfuko, akatoa kipande cha msasa, akakirudisha. Aliona haya, alikuwa kijana wa mtaa wetu.

"Hakuna kitu, mzee. Nendeni."

Baba hakwenda. Alisimama palepale, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya kifua cha yule askari, viganja juu, na makovu yake yote ya tezo.

"Tafuta vizuri," akamwambia. "Wanachokitaka kiko hapa, na ninatoka nacho."