Imondo ya Mjomba

Wacha nikubali mapema: kwa hii story mjinga ni mimi. Usingoje mwisho ndio ucheke. Cheka saa hii tumalizane.

Wakati wa corona, mjomba wangu wa Bokoli, ndugu ya mama, alishikwa nayo. Watu wa afya wakasema yeye na bibi yake wakae ndani, hata kwa geti wasifike. Sasa ng'ombe je? Ng'ombe haijui corona. Asubuhi ikifika inataka kukamuliwa, na watoto wa hapo karibu wanangoja chai.

Kijana yake anatengeneza simu Kitale. Alipopigiwa akasema, "Baba, barabara ni mbaya, polisi wamejaa." Mimi pia nilikuwa Kitale, nabeba watu na pikipiki. Barabara ni hiyo hiyo. Nikaenda.

Nililala kwa stoo ya mahindi. Nilikata nepia, ile nyasi ya ng'ombe, nikakamua, nikawawekea mjomba na bibi yake unga kwa mlango. Majirani waliacha mitungi kwa ua halafu wanatoroka mpaka nijaze. Maziwa walitaka, mimi ndio hawakutaka.

Mjomba alikuwa ananichungulia kwa dirisha. "Wewe! Unakamua ama unafinya jipu?"

"Toka ukamue wewe, basi!"

Anacheka mpaka anakohoa. Siku moja hakucheka. Akasema, "Kijana yangu, nikitoka humu nachinja kuku. Imondo ni yako."

Kwetu imondo, ile firigisi ya kuku, haipewi mtu ovyo. Ni ya mwenye boma, ama ya mtu yeye ameamua kumheshimu mbele ya watu wote. Mimi sijawahi kupewa hata shingo. Nikatangazia senta nzima. Kinyozi alijua. Mama wa mandazi alijua. Nafikiri hata kuku yenyewe ilijua.

Mjomba akapona. Siku ya maombi ya shukrani nilipiga shati pasi, nikajisugua na sabuni mpaka harufu ya ng'ombe ikahama. Kwa geti, bibi ya mjomba akaninyooshea mkono.

"Simama hapo hapo, baba. Wageni wanaogopa. Si wewe umekuwa karibu na ugonjwa?"

"Aunty, kwani ugonjwa ilikuwa ya nani?"

Akafunga geti. Mwenye ugonjwa alikuwa amekaa katikati ya wageni, anacheka bila barakoa. Kando yake, kijana wa simu, amefika asubuhi hiyo, viatu zinameta. Inaonekana barabara ilikuwa imepona pia.

Mjomba aliniona. Naapa aliniona, macho kwa macho. Akachukua imondo, akaweka kwa sahani ya kijana yake, akaendelea kuongea mambo ya mvua.

Mimi nililetewa supu kwa kikombe ya plastiki, ikapitishwa juu ya ua, na kipande moja ya bawa ndani. Mama wa mandazi, naye alikuwa amekuja kuona, akaniuliza, "Imondo ni tamu?"

"Hii yangu imeota bawa," nikamwambia.

Alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini supu nikaiacha juu ya ua. Nikawasha pikipiki nikarudi Kitale bila kuaga.

Njiani simu ikalia. Mjomba. Moyo ikaruka: anataka kuniomba msamaha. Nikasimama kando ya barabara, nikatoa kofia nisikie vizuri.

"Kijana yangu, ile ng'ombe nyekundu imempiga huyu wa simu teke. Kuja kesho mapema ukamue. Lakini pitia nyuma, usikaribie nyumba."