Nusu ya Elieza

Saa moja asubuhi, Makambako. Malori yananguruma barabarani, na ndani ya duka la uchapaji Dorkasi anahamisha punje za mahindi kutoka kikombe kimoja cha bati kwenda kingine. Amevaa sweta mbili na bado anatetemeka.

Hachezi. Vikombe vinne ni nafasi nne ambamo kompyuta huweka namba inapopiga hesabu. "Nikikosea kwenye vikombe, na mashine itakosea," anasema.

Mwaka huu wa 1998 Dorkasi ana miaka 31, na uchapaji unamlipa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye duka, Seleman, humwachia kompyuta hadi saa mbili, wateja wanapoanza kuingia. Ndipo anapoendelea na programu yake ya kugeuza maagizo ya Kiswahili, kama "jumlisha" na "toa", yawe maagizo ya mashine.

Waliianza wawili, chuoni Dar es Salaam. Elieza, kijana wa Lupembe, aliandika nusu inayosoma maagizo. Dorkasi akachukua nusu inayoyageuza. Mwaka 1994 Elieza alikwenda kusoma Ulaya, naye Dorkasi akarudi kumuuguza mama yake. Zilikuja barua tatu, kisha kimya.

"Nusu yake inasoma, inaelewa, halafu inanyamaza," anasema. "Inanisubiri mimi."

Kujumlisha kulikubali mwaka jana. Leo anajaribu kutoa: tisa toa nne. Kioo cha kompyuta kinajibu: hasi tano.

Dorkasi anarudia kwa punje, taratibu, kisha anacheka peke yake. Elieza alitanguliza namba ya pili. Kwenye kujumlisha kosa halikuonekana, maana uanze na nne au na tisa, jibu ni lile lile.

Kurekebisha mstari mmoja wa programu, ule wa Elieza, kungetosha. Hataki. Anabadili mistari minne ya kwake.

"Dada Dorkasi, wateja hao!" Seleman anaita kutoka mlangoni. "Na vikombe rudisha, watu tunywe chai!"

"Dakika moja tu, bosi."

Kioo kinajibu: tano.

Hashangilii. Anatoa disketi yenye programu na kuandika majina mawili juu yake, la Elieza kwanza. Ataituma kwa anwani ile ile ya barua ya mwisho.

"Nimemkumbuka, sifichi," anasema. "Mstari wake nimeuacha na kosa lake. Siku akija kuurekebisha mwenyewe, nami nitairudisha yangu minne ilivyokuwa."